Pampu ya Kumi na Nne

Waliofanya naye kazi walimwita Bi Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Ungempelekea kazi yako, mistari mia nane ya msimbo wa kompyuta uliokutoa jasho wiki nzima, naye angekurudishia kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. "Mashine haina huruma," alikuwa akisema. "Mtu ukimwambia njoo kesho, anajua unamaanisha asubuhi. Mashine itakuja saa sita na sekunde moja usiku, ikugongee mlango."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mrefu, na miwani yake ilifungwa waya upande mmoja. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akalelewa na mjomba wake, mkereza vyuma katika karakana ya kutengeneza pampu za maji. Huko karakana ndiko alikojifunza kwamba chuma kikipungua unene wa unywele kinapwaya, na kikizidi unywele kinavunjika.

Mchana alifundisha elektroniki katika chuo cha ufundi. Akirudi nyumbani alisogeza bakuli la vitunguu kwenye meza ya jikoni, akafungua kompyuta, akaanza ile kazi nyingine isiyo na bosi. Yeye na wenzake kama thelathini, waliotawanyika duniani na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wakitunza mfumo endeshi mdogo wa vifaa vidogo. Si kompyuta, si simu. Ni vile vitu ambavyo mtu hafikirii kama vina akili: mita ya maji, king'ora cha moto, lifti, kipima joto cha ghala. Ndani ya kila kimoja mna chipu ndogo kuliko ukucha, na chipu hiyo inahitaji wa kuipangia kazi: fanya hili kwanza, lile baadaye, sasa lala, sasa amka. Bi Nukta ndiye aliyekuwa na dhamana ya sehemu ya saa: kuhesabu muda, kulaza kifaa na kukiamsha.

Mfumo ulikuwa huria. Yeyote aliruhusiwa kuuchukua, kuusoma, kuubadilisha, na kuutia kwenye bidhaa yake bila kubisha hodi.

"Yaani mnampa mtu msiyemjua," mjomba wake alimwuliza siku moja, "achukue, aende zake, asiage wala asishukuru?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hata mwizi huacha alama ya viatu."

Miaka miwili kabla ya mambo haya, wenzake walimwomba aubane mfumo uingie kwenye chipu ndogo zaidi, zenye kumbukumbu finyu na betri hafifu. Alibana kweli. Mambo mawili aliyoyafanya ndiyo yaliyomletea sifa. Hesabu ya muda, inayohesabu kila sehemu ya elfu ya sekunde tangu kifaa kiwashwe, ilikuwa ikikaa kwenye baiti nane. Akaipa nne. Tena, badala ya kifaa kushtuka usingizini mara elfu kwa kila sekunde, akakifundisha kulala fofofo hadi dakika ya kazi yake inayofuata. Betri iliyokuwa ikidumu mwezi ikadumu mwaka. Pongezi zikamiminika kutoka pande zote, na jioni ile alipika huku anaimba.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mtu anayelima nyanya ndani ya banda la plastiki. Feni yake ilisimama mchana kweupe, nyanya zikaungua. Hakukuwa na kosa lolote lililoandikwa kwenye kifaa. Aliizima, akaiwasha, ikafanya kazi kama kawaida. Wiki mbili baadaye akaandika mwenye chumba cha baridi cha samaki. Kisha fundi wa lifti. Wote walisema neno lilelile: nilizima, nikawasha, ikapona.

Bi Nukta aliwauliza swali moja tu: kifaa kilikuwa kimewaka muda gani? Mwenye samaki alisema wiki saba. Fundi wa lifti alisema siku hamsini hivi. Mwenye nyanya, ambaye aliandika kila kitu kwenye daftari, alijibu: siku arobaini na tisa.

Hakuhitaji hata penseli. Baiti nne zikihesabu sehemu za elfu za sekunde zinajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba, kisha hesabu inarudi sifuri, kama namba za kilomita kwenye gari kuukuu. Hilo alilijua tangu mwanzo na aliliwekea kinga. Asichokiona ni hiki: kifaa kikilala wakati hesabu inavuka, kinajitegea kengele kwa namba iliyokwisha kupita. Kwa hiyo kinaisubiri izunguke tena. Siku nyingine arobaini na tisa.

Alichukua kifaa cha majaribio, akakianzisha hesabu ikiwa imebaki dakika mbili ijae, akakitazama. Dakika mbili zikapita. Kilinyamaza. Hakikuzima, hakikulia. Namba zilibaki kwenye kioo, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka.

Dawa yake ilikuwa mistari tisa. Aliitoa siku ileile, na onyo kwa herufi kubwa. Lakini amwambie nani? Toleo lenye kosa lilikuwa limechukuliwa mara elfu sitini na moja, na hakuna aliyeacha jina. Tangu hapo akawa mtu wa kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita, akiipita lifti. Akiingia dukani anatazama friji. Chuoni alisimama chini ya king'ora cha moto hadi wanafunzi wakaanza kunong'onezana. Kila taa ya kijani aliiona kama jicho la mtu aliyekufa huku amefumbua.

Katika mwezi huo mjomba wake alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya mji, akalazwa kwenye wadi mpya. Bi Nukta alikwenda kumwona saa sita mchana, akamkuta amekaa, anawachekesha wagonjwa wenzake.

"Mpwa wangu, wameniwekea chuma," alisema. "Nimewaambia wanionyeshe kwanza kama kimekerezwa vizuri. Wamekataa."

Bi Nukta alicheka, na macho yake yakaangukia pampu ya dripu iliyofungwa kwenye mlingoti kando ya kitanda. Kijisanduku cheupe, kinasukuma dawa tone kwa tone. Muuguzi mkuu wa wadi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa akibonyeza vitufe vyake. Ukurasa wa taarifa ukapita kwenye kioo.

"Sista, samahani. Hebu rudisha hapo."

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na namba ya toleo, na mwisho wake nukta mbili mahali pa moja. Kosa lile lilikuwa lake mwenyewe, yeye Bi Nukta, katika toleo lile moja peke yake. Alilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Juu yake paliandikwa: saa tangu kuwashwa, 1,171.

Kifaa kingelala saa ya 1,193. Zilibaki ishirini na mbili.

"Sista, hizi pampu huwa mnazizima?"

"Tunazilaza tu kwa kitufe hiki. Kuzima kabisa, mpaka ukishikilie sekunde kumi, na tumeambiwa tusifanye. Zote ziliwashwa jioni ile wadi ilipofunguliwa, hazijazimwa tena. Kwani vipi?"

Alimweleza. Muuguzi mkuu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akampeleka kwa fundi wa vifaa, chumba cha chini chenye harufu ya plastiki iliyoungua. Fundi alikuwa mtu mwangalifu. Alipiga simu kwa wauzaji, akaiweka kwenye spika.

"Pampu zetu zina mfumo wetu wenyewe," ilisema sauti upande wa pili. "Ni siri ya kampuni. Mtu akizigusa, dhamana imekufa."

"Mwulize kwa nini mfumo wake una nukta zangu mbili," alisema Bi Nukta. Simu ikakatwa.

Fundi alikuna kichwa. "Dada, mimi nakuamini nusu. Ile nusu nyingine ndiyo inayolisha watoto wangu. Niletee barua ya mkubwa."

Mkubwa alikuwa kwenye mkutano hadi jioni, na jioni ofisi yake ilifungwa.

Asubuhi, saa mbili na nusu, Bi Nukta alikuwa mlangoni pa wadi na kile kifaa chake cha majaribio mkononi. Alikiweka juu ya meza ya dawa, akakianzisha mbele ya muuguzi mkuu. Wakasubiri dakika mbili. Kikanyamaza. Taa ya kijani ikawaka vilevile.

Muuguzi mkuu alikigonga kwa ukucha. "Hiki kinaonekana kizima."

"Ndiyo, Sista. Hapo ndipo kinapoua."

Yule mama akawaita wasaidizi wake wawili. "Barua tutaandikiwa baadaye, ya kutusifu au ya kutufukuza. Funga mrija, zima, hesabu kumi, washa, andika kipimo upya, mwenzako ahakiki. Kitanda kwa kitanda. Atakayeharakisha atanijua."

Walianza saa mbili na dakika hamsini. Mjomba alipofikiwa hakufanya utani. Saa tatu na nusu walikuwa wamemaliza, na muuguzi mkuu akasoma daftari la vifaa kwa kidole.

"Kumi na tatu. Hapa pameandikwa kumi na nne."

Msaidizi mmoja akashika mdomo. "Fundi cherehani," alisema. "Yule mama wa kitanda cha tisa. Ameondoka alfajiri kwa gari la wagonjwa, hospitali ya rufaa. Ameenda na pampu yake."

Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na dawa aliyokuwa akisukumiwa ndiyo iliyokuwa imeishikilia presha yake isiporomoke. Safari ilikuwa ya saa tano. Muuguzi mkuu alipiga simu ya dereva: haipatikani. Akapiga ya muuguzi aliyesindikiza: haipatikani. Njia ile ilipita milimani, na huko mawimbi ya simu hayafiki. Walipiga kwa zamu. Bi Nukta alisimama dirishani, akitazama saa ya ukutani juu ya sinki. Ilipofika saa nne na dakika tano, akasema kwa sauti ndogo, "Imelala." Muuguzi mkuu akapiga tena.

Simu ilishika saa tano kasorobo. Muuguzi kwenye gari alisema presha ya mgonjwa imeanguka ghafla na haelewi, maana pampu inafanya kazi, namba anaziona, taa anaiona.

"Izime!" muuguzi mkuu alipiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Zima hiyo mashine, mwanangu, uiwashe upya! Sasa hivi!"

Mshonaji alifika hospitali ya rufaa yu hai. Alikaa siku tatu bila kufumbua macho, kisha akafariki. Daktari aliandika kwamba hali yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo, na huenda aliandika kweli. Dakika zile arobaini hakuna anayeweza kuzipima.

Bi Nukta aliandika yote na kuyaweka wazi kwa jina lake halisi: lini alibana hesabu, kwa nini, na nini kilifuata. Wauzaji wakamtumia barua ya mwanasheria, wakimtaka aondoe maneno yale kwa kuwa yanatia watu hofu. Hakuyaondoa. Hospitali iliwekewa toleo jipya, fundi wa vifaa akasimamia mwenyewe.

Mjomba alirudi nyumbani kwa magongo. Mpwa wake alipomwambia habari za yule mshonaji, aliyaegemeza magongo ukutani.

"Nimekereza vyuma miaka thelathini," alisema. "Haiwezekani vyote vilishika. Tofauti ni kwamba mimi sikuwahi kuambiwa."

Toleo lenye kosa Bi Nukta alilifuta mahali pake, lakini nakala zake zilikuwa zimeshasambaa, na anayenakili haulizi. Miezi mitano baadaye, asubuhi kabla ya kipindi, alipata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu: "Asanteni kwa kazi nzuri. Tumeutia mfumo wenu kwenye kifaa chetu kipya. Leo ni siku ya arobaini na saba, haujatusumbua hata mara moja." Chini alikuwa ameandika namba ya toleo, na mwisho wake nukta mbili.

Alijibu kabla hata hajaketi: Zima, uwashe upya. Ni kifaa gani? Kiko wapi?

Hakujibiwa. Akaandika tena, na tena. Kengele ya chuo ikalia, wanafunzi wakaanza kuingia mmoja mmoja wakimwamkia, naye akabaki amesimama na simu mkononi, anaitikia bila kuwatazama.