Minaz na Mpiga Piano wa Jumamosi
Minaz alikuwa fundi wa vinanda pale Nyamagana, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na katika umri wake wote hakuwahi kumsifu mpigaji hata mmoja. Wanakwaya waliomletea vinanda vibovu aliwaambia wazi kwamba kilichoharibika ni masikio yao. Walisonya, wakaondoka, na wiki iliyofuata wakarudi, maana fundi mwingine wa kuaminika hawakumpata.

Jumamosi moja alasiri aliitwa kwenye hoteli moja ya ufukweni. Piano yao ya umeme ina kelele mno, alisema meneja Ravi, wageni hawasikilizani. Huyu Ravi alikuwa mtu wa kujua kila kitu na kusikia nusu.

Minaz akaketi, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya. Alipofungua mipangilio akaona: sauti ya vitufe imewekwa sifuri. Lakini nyimbo zilizokuwa kwenye flashi zililia vizuri tu, kila ala kwenye chaneli yake, piano ya kwanza, besi ya pili, ngoma ya kumi, zote zimepandishwa hadi mwisho. Akacheka kwa pua. Kumbe Masalu, mpiga piano wa hoteli kila Jumamosi, yule bwana wa suti nyeupe aliyeitwa profesa mji mzima, miaka mitatu alikuwa akipapasa vitufe bubu huku mashine ikimfanyia kazi!

Akashusha besi na ngoma hadi zikakaa pazuri. Kisha, kwa ubaya wa makusudi, akaiteremsha chaneli ya piano hadi sifuri, akauhifadhi mpangilio huo kwenye kumbukumbu ya mashine, namba ya kwanza, ile iliyobandikwa kijikaratasi cha “Prof. Masalu”. Akaenda kukaa kona, akaagiza chai, akaingoja aibu.

Masalu akaja. Akainama, akafumba macho, mabega yakapanda na kushuka. Besi ikaunguruma, ngoma zikagonga; piano haikutoa hata mlio wa mbu. Mgeni mmoja akatikisa kichwa kwa utamu. Meza ya mbele ikapiga makofi. Hata Masalu hakushtuka. Mtu asiyepiga atajuaje kwamba hasikiki?

Ravi akamjia mbio. “Mama, hapo umefanya kazi! Leo piano ni laini, tamu kabisa. Usiiguse tena.”

“Siigusi,” Minaz akajibu. “Nawe masikio yako yatunze hivyo hivyo, bado mapya.”

Alikuwa anafunga mkoba wake pale mhudumu mmoja, Modesta, alipokuja kuchukua kikombe.

“Shikamoo mama. Samahani, leo piano imekwenda wapi? Nasikia besi na ngoma tu.”

Minaz akamkazia macho. “Marahaba. Nani kakufundisha kusikia?”

“Hakuna. Naimba kwaya tu, kwetu Bujora.”

“Jumatatu unapumzika?”

“Ndiyo.”

“Njoo dukani. Ukichelewa, usije.”

Modesta alifika kabla duka halijafunguliwa. Kwa miezi minane akakaripiwa kila Jumatatu, na kila Jumatatu akarudi. Huko ufukweni Masalu aliendelea kufumba macho, na Ravi akamweka kwenye bango kubwa barabarani. Siku Minaz alipolipita kwa bajaji alisonya hadi dereva akadhani katukanwa yeye.

Mwezi wa tisa wa masomo hayo, Modesta alipiga wimbo mzima kwa mikono miwili bila kukwama. Akageuka, akangoja. Minaz alikuwa ameelekea dirishani, anafuta miwani, na aliifuta kwa muda mrefu.

“Mkono wa kushoto umechelewa,” akasema. “Rudia.”