Nguo za Kumwonyesha Baba

Nilipopata kazi, swali la kwanza la baba kwenye simu halikuhusu mshahara. Aliuliza, "Sasa utavaa nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Baba alikuwa mhudumu wa ofisi pale Nansio, kisiwani kwetu, mpaka alipostaafu. Alibeba mafaili, alichemsha chai, alifungua na kufunga milango, na miaka yote hiyo aliwatazama watu waliovaa vizuri wakimpita. Kila mmoja wao, baba alikuwa na maoni juu yake. Kuna mama mmoja, afisa, ambaye baba alimsifia nyumbani mpaka marehemu mama akanuna. "Yule akiingia," alikuwa akisema, "hata hajafungua mdomo, umeshasimama." Alitaka na mtoto wake siku moja aingie mahali watu wasimame. Mimi nilisoma kwa ajili ya hilo, sioni aibu kusema.

Lakini mwezi uleule nilioanza kazi, dada yangu anayekaa na baba alinipigia akilia. Baba alikuwa ameanza kusahau. Si kusahau funguo, hilo tulishalizoea. Alikuwa amemuuliza yeye, binti aliyemzaa mwenyewe, eti ni mke wa nani. Kesho yake alikuwa mzima, anacheka, anamtania. Kesho kutwa amepotea tena. Habari ya kazi yangu nayo ilikuwa imemtoka kichwani.

"Kama unataka akuone," dada akasema, "usikae sana."

Nikajiapiza kwamba ataniona nimevaa, tena akiwa bado ananijua. Tatizo ni kwamba sikuwa na nguo. Kabati la chumba changu cha Mabatini, huku Mwanza, kama boksi lile linastahili kuitwa kabati, lilikuwa na jinzi za chuo, fulana za makongamano ya vijana, na magauni mawili ya kanisani. Wiki za mwanzo nilikwenda kazini na sketi moja nyeusi, nabadilisha blauzi tu, na najua kuna watu pale ofisini walikuwa wameshaiona vya kutosha.

Kila Jumamosi nilikuwa kwenye mitumba. Nilifika asubuhi kabla belo la nguo halijafunguliwa, nikapigana vikumbo na wamama wenye nguvu kuliko mimi, nikajaribu sketi juu ya suruali huku watu wanapita. Nilipata blauzi nzuri za mikono mirefu. Nilipata viatu vyeusi vya kisigino kifupi, kimoja kimechubuka kidogo, nikakipaka rangi. Koti nilipata la mtu mpana kuliko mimi, nikampelekea fundi alipunguze na kunishonea sketi ya kuendana nalo.

Fundi akaniambia njoo kesho. Nikaenda. Njoo kesho. Siku niliyoenda nikakuta koti langu bado limening'inia palepale, halijaguswa, nilimfokea mbele ya wateja wake mpaka jirani yake akazima redio ili asikie vizuri. Masikini, hakujua nashindana na nini. Kila alipotaja kesho, mimi nilihesabu kwamba kuna kitu kingine kimemtoka baba, labda sura yangu, labda jina langu.

Suti ilipokamilika nilipanda meli ya Jumamosi nikiwa nimeivaa. Mtu mwenye akili angeibeba kwenye begi. Mimi nilisafiri nayo mwilini, nimekaa wima bila kuegemea nisiikunje, nimefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, na mama mmoja mwenye kuku akaniuliza kama nakwenda kukagua shule.

Baba alikuwa amekaa nje, ukutani kwenye kivuli. Aliponiona naingia uani, akasimama.

Nikasema moyoni, amenijua, Mungu mkubwa, nimewahi.

Kisha nikaona anavua kofia. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akaiweka fimbo yake ya kutembelea pembeni, akakusanya mikono mbele.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Ah, hapana, mheshimiwa," akajibu, hataki kabisa kuipokea. "Za kazi? Karibu, karibu sana." Akafuta kiti kwa mkono wa shati lake, akakisogeza, na hakukaa mpaka mimi nikae.

Dada akatoka jikoni. "Baba, si mwanao huyu!"

Baba akamtazama kwa aibu, kama ambavyo ungemtazama mtoto aliyekutukania mgeni. Akaniomba radhi kwa niaba yake. Dada akarudi ndani amejifunika uso na kanga.

Tulipobaki wawili, baba akainama karibu yangu, akashusha sauti.

"Samahani, mheshimiwa. Nina binti yangu, yuko Mwanza. Amemaliza chuo, kazi hajapata. Ana adabu, hana makuu. Ikitokea nafasi, hata iwe ndogo namna gani, naomba umkumbuke."

Sijawahi kumwona baba akiomba. Nikiwa shule aliona bora auze baiskeli yake kuliko kwenda kumpigia mtu magoti. Sasa alikuwa ananiomba mimi, kwa ajili yangu, na macho yake yalikuwa yamejaa woga kwamba nitakataa. Niliumia kiasi ambacho sijui kukieleza.

"Tutampatia, mzee," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akanishukuru mara nyingi mno. Usiku huo sikula.

Asubuhi niliamka, nikavaa gauni la dada lililopauka, nikajifunga kanga, nikatoka kuosha vyombo. Baba akaja anajikongoja na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahabaa!" Uso wote ukafunguka. Akaniita kwa lile jina la utotoni ambalo ni yeye tu aliyebaki kuniita. "Umefika lini, mwanangu? Hukumkuta! Jana alikuja hapa mama mmoja wa ofisini, mkubwa kwelikweli. Nimekuombea kazi. Amenipa neno lake."

Nikaweka sufuria chini. "Asante, baba."

"Atakupigia. Simu usiizime."

Tangu hapo siendi Nansio na nguo za kazi. Nazitundika Mabatini, nazipiga pasi kwa ajili ya watu wengine. Kila nikifika, siku akiwa mzima, baba ananiuliza kama yule mama amepiga, na mimi namwambia ndiyo, baba, amepiga, nimepata. Analia kwa furaha. Ananipa mkono wa hongera, anamwita dada aje asikie, na dada anakuja, anafuta mikono, anashangilia.

Kisha baba anauliza, "Sasa utavaa nini?"