Chumvi Ndani ya Chasisi

Mativo alikuwa dereva wa serikali kwa miaka ishirini na sita, na ukitaka kumuudhi ungemwambia kwamba udereva ni kushika usukani tu. Kwake yeye udereva ulianza gari likishazimwa. Katika yadi alikojifunzia kazi, msimamizi alikuwa na amri moja: gari halilali chafu. Madereva wengine waliitii amri hiyo hadi msimamizi alipostaafu. Mativo aliitii hadi yeye mwenyewe alipostaafu, kisha akaichukua akaenda nayo nyumbani kwake mtaa wa Ziwani, Nairobi, kana kwamba ndiyo zawadi aliyoagwa nayo.

Zawadi ya pili alijinunulia. Mwaka wa tisini, alipolipwa kiinua mgongo chake, alikwenda mnadani akarudi na Landrova kuukuu ya kijani ambayo aliapa aliwahi kuiendesha hadi Moyale, mpakani na Ethiopia. Mkewe, Kavinya, hakuamini habari ya Moyale, lakini mpango aliuamini. Mpango wenyewe ulikuwa kwamba gari lifanye kazi Nairobi miaka michache, watoto wamalize shule, halafu wao wawili wapakie vyombo warudi kwao Mwingi, na huko Landrova ibebe maji na mizigo ya sokoni na kuwalisha uzeeni. Kavinya hakuipenda Nairobi hata siku moja. Alikaa humo kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

Kazi ilipatikana Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi. Siku sita kwa wiki Mativo alipakia ngozi mbichi na kuzipeleka ghalani, upande wa Industrial Area. Ngozi mbichi haina subira. Usipoipaka chumvi upesi inaoza, na hiyo si chumvi ya kutia kwenye mboga, ni ya kumwaga kwa koleo. Ikishaingia kwenye ngozi hutiririka maji mazito yanayonuka, nayo hupenya popote penye tundu. Wenzake waliobeba ngozi waliyaacha magari yao yanuke. Mativo, thubutu! Kila jioni alivuta mpira kutoka kwenye bomba la mtaa, akakunja suruali, akaosha nyuma ya gari mpaka maji yatoke meupe. Majirani walinung'unika kwamba anawamalizia maji. Aliwajibu kwamba uchafu wa gari ni uchafu wa dereva, akaendelea kuosha.

Na kila Desemba, kabla ya kwenda Krismasi, alijilaza juu ya gunia chini ya gari akapaka chasisi lami nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Chasisi ya Landrova ni vyuma viwili virefu vya mraba, vitupu ndani, vyenye vitundu vidogo chini. Vitundu hivyo vilikuwa vikidondosha maji na kuacha madoa mbele ya mlango wake, jambo lililomkera, na lami ilipoviziba alifurahi kama mtu aliyezima redio ya jirani. Juu, bodi ilikuwa ya alumini isiyojua kutu. Gari liling'aa hata watu wakawa wanasimama kumuuliza ni la mwaka gani. Mzee wa watu akavimba kichwa.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokatika na barabara kuanza kukauka, wakati wa kuondoka uliwadia. Kule Mwingi nduguye, Kiema, alikuwa amebomoa ua wa miti na kutengeneza lango pana la kupitisha gari. Kavinya alikwisha kugawa viti, na jiko alimpa jirani yake Norah. Ndipo milango ya Landrova ikaanza visa. Ukifunga wa nyuma kwa goti, wa dereva unafunguka. Ukifunga wa dereva, wa nyuma unatoa mlio na kubaki nusu. Mativo aliona ni bawaba. Aliipeleka Landrova kwa Lusweti, fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya Majengo, Mbukusu aliyefanya kazi karakana ya reli hadi walipompunguza.

Lusweti hakuigusa milango. Aliinua gari kwa jeki, akaingia chini na nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kurudi nyuma. Mwanzoni chuma kilijibu vizuri. Katikati kilijibu kwa sauti nzito. Karibu na gurudumu la nyuma hakikujibu kabisa, na nyundo ikaingia mpaka kwenye mpini.

"Mzee," Lusweti aliita kutoka chini, "hebu kuja uone kitu."

Mativo alilala kando yake. Fundi alikuwa anabandua lami kwa vidole, na lami ilitoka na vipande vya kutu vinene kama maganda ya mti. Ndani ya tundu kulikuwa na tope jeusi lenye manyoya ya mbuzi. Tope lilikuwa majimaji. Likawadondokea.

"Mvua imekatika lini?" Lusweti aliuliza.

"Wiki tatu sasa."

"Na haya maji?"

Mativo alichukua tone kwa kidole akaliweka ulimini. Lilikuwa chumvi tupu. Alibaki amelala vile vile, akitazama juu. Hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa maji yake ya jana jioni. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiisukuma ile chumvi kwa mpira, kutoka mahali ilipokuwa ikionekana mpaka mahali isipoonekana, halafu kila Desemba anaifungia humo na lami.

"Nani alikuwa anaosha hii gari?" Lusweti aliuliza, bila ubaya wowote.

"Mimi," alisema Mativo. "Nani mwingine?"

Walitoka wakaketi juu ya tairi. Lusweti alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwaambia watu habari mbaya. Kuchomelea kunahitaji chuma kizima cha kushikia, na hapa hakuna. Upande wa kulia ni afadhali kidogo, wa kushoto umebaki lami tu. Likipakiwa mzigo na kushuka bonde moja la nguvu, gari litakatika vipande viwili.

"Chasisi ingine je?"

"Ukipata nzima, uniambie na mimi ninunue." Lusweti alijipangusa mikono. "Iko njia ingine, mzee. Naweza kubandika mabati hapa na hapa, nipake lami, ikae sawa hata milango ifunge. Itaenda mwezi, labda miwili. Nimewahi kufanyia watu, sikufichi. Siku hizo sikuwa nasoma magazeti, niliogopa kuona picha za ajali. Kuna kijana wa hapa, Austine, anatafuta gari kama hii. Useme wewe."

Mativo alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliwaza lango la Kiema. Aliwaza kwamba fedha za Austine zingeweza kununua mashine ndogo ya kusaga unga, na mtu anayerudi kwao na mashine ya kusaga haulizwi gari liko wapi. Alihisi uchovu wa miaka yote umemkalia mabegani, na hakutaka tena kufikiri.

"Paka," alisema.

Jumamosi Austine alifika akiwa na kofia kichwani na tabasamu usoni. Lusweti alikuwa amefanya kazi safi. Milango ilifunga kwa kidole kimoja. Kijana alizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Niaje, mzee. Hii gari iko fiti kuliko ya babangu," alisema. "Nahamisha mathe wangu kwenda Webuye mwezi ujao, na vitu vyake vyote. Si itafika?"

Lusweti alikuwa akipanga fito za kuchomelea ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Hakuinua macho.

"Huangalii chini?" Mativo aliuliza.

"Ya nini? Kila mtu Ziwani anajua vile unaosha hii gari. Mtu anaosha hivyo hawezi kuwa na gari mbaya."

Mativo aliona aibu kiasi cha kutaka kuketi chini. Angeambiwa jambo lingine lolote, angeweza kunyamaza. Aliokota nyundo ya Lusweti, akamkabidhi kijana.

"Ingia, kijana wangu. Pale nyuma, kushoto. Gonga kwa nguvu."

Austine aliingia. Aligonga mara moja, ya pili bati likang'oka. Akatoka akipangusa kutu machoni, tabasamu limekwisha.

"Sasa mzee, ulikuwa unaniitia nini?" aliuliza. "Nimeacha kazi yangu asubuhi yote." Akaweka nyundo juu ya boneti, akaenda zake. Mtu akisema kweli hutazamia angalau asante. Mativo hakupata hata hiyo, na Lusweti alikuwa amepoteza siku mbili za kazi na mabati manne.

"Pole, fundi," alisema.

"Ni sawa tu," Lusweti alijibu. "Na mimi nimelala vibaya tangu Alhamisi."

Nyumbani Kavinya alikuwa ameketi juu ya sanduku, kwa kuwa viti havikuwepo tena. Mativo alimweleza yote, ya mpira, ya lami, na ya Austine. Hakuficha lolote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Tutaenda na basi, basi," alisema.

"Siwezi, Mama Kamene. Kiema amevunja ua wake kwa sababu yangu. Niingie pale na mkoba? Acha nikae kidogo. Nitauza injini, nitauza giaboksi, magurudumu, milango. Nikipata ya mashine ya kusaga, nitakuja."

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Mpaka Agosti. Au mwisho wa mwaka."

"Ulisema hivyo tisini na mbili," Kavinya alisema. "Tisini na tano pia ulisema. Mimi sijakasirika, Baba Kamene. Gari limeoza, na vitu huoza. Lakini mimi nimechoka, na Jumatatu naenda."

Jumatatu asubuhi Mativo alimbebea mizigo mpaka stendi ya mabasi ya Machakos, hapo hapo Nairobi. Kavinya alikata tikiti mwenyewe. Kavinya alipoketi dirishani, Mativo aliona tikiti zilikuwa mbili. Mkewe hakumwonyesha wala hakumbembeleza. Alizishika tu mkononi, na kiti cha kando yake akakiacha wazi.

Mativo alisimama nje, mkono umeshika ubavu wa basi. Alitaka kupanda. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kuitaka ile Landrova, na alijua kwamba hakuna mtu yeyote Mwingi ambaye angemcheka zaidi ya siku mbili. Nguo zake zingefuata baadaye. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Lakini kila alipoinua mguu aliona uso wa Kiema ukitazama nyuma yake kutafuta gari, na mguu ukarudi chini. Alijichukia kwa hilo, na bado hakupanda.

Kondakta alipita katikati ya viti akihesabu watu, akafika kwa Kavinya, akaonyesha kiti kitupu.

"Mama, hapa pana mtu?"

Kavinya alimtazama mumewe kupitia dirisha. Alimtazama muda mrefu, mpaka Mativo akainamisha macho.

"Hapana mtu," alisema, akamrudishia kondakta tikiti moja.