Ukili wa Bibi

Juzi mjukuu wangu alikwama katikati ya sura, akaiacha juzuu yake na kuukodolea macho ukili wa mkeka niliokuwa nasuka. Mara nikawa nimerudi utotoni, Bagamoyo, alasiri ile msafara wa pembe ulipoingia kutoka bara.

Mabaragumu yalilia, bunduki zilifyatuliwa hewani, watoto wa mtaa mzima walikimbia. Mimi tu nilikuwa nimeketi na juzuu yangu mbele ya bibi yangu aliyenilea, naye akisuka ukili, miguu ikinicheza.

"Maliza sura kwanza, mke mwenzangu, ndipo uende," aliniambia.

Nikasoma mbio mbio, nikakosea. Kila nilipokosea Bibi alinisahihisha, wala hakuinua macho kutoka kwenye ukili. Basi nikajua: maneno yote yamo mle, kwenye miyaa ile ya kusukia, myeusi na myekundu, iliyokuwa bado inanuka rangi ya kuchemshwa. Kumbe ndiyo maana hakosei!

Nilipokwama kabisa, nikauinamia ukili. "Bibi, nimefika wapi?"

Mikono yake ikasimama. Akaweka kidole juu ya ukili.

"Hapa."

Kidole kikasogea, nami nikakifuata nikisoma mpaka mwisho bila kukwama. Kisha nikachomoka nje nikipiga kelele kuwashinda wapagazi!

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Bibi hakuijua hata alifu. Sura zile alizihifadhi akisikiliza nyuma ya ukuta, kaka zake walipokuwa wakisomeshwa.

"Bibi, nimefika wapi?" mjukuu wangu akaniuliza juzi.

Mimi herufi nazijua zote. Nikaweka kidole juu ya ukili.

"Hapa."