Isale la Asubuhi ya Mbio

Harufu ya machicha ya mbege hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine wakiisikia wanakumbuka ubatizo, ndizi zilizoiva na wajomba waliochangamka. Mimi nikipita nyuma ya nyumba ya mtu nikakuta ndoo ya yale makapi yanayobaki pombe ikishakamuliwa, yamechacha, yanatoa povu, nzi wamejaa, namwona mbele yangu farasi mwekundu amelala ubavu kwenye majani yenye umande, tumbo limevimba, na baba yangu amepiga magoti akimshika shingo. Farasi huyo aliitwa Jemadari. Alikufa wakati wa masika nikiwa darasa la sita, kwenye shamba la farasi lililokuwa chini ya Sanya Juu, kule ambako mlima unaishia na nyika inaanza. Aliyemuua alimpa machicha. Ng'ombe wetu wanakula machicha na kunenepa, nguruwe ndio usiseme, kwa hiyo mtu asiyemjua farasi angeweza kudhani anamfanyia hisani. Lakini farasi hacheui wala hatapiki. Kinachochacha tumboni mwake kinabaki humo humo mpaka kimmalize. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale shambani, ndiyo maana sijaelewa hadi sasa watu walivyokubali upesi kwamba ni yeye.

Baba alikuwa mwalimu wa farasi. Hakuwahi kusomea kazi hiyo. Aliingia pale kijana akizoa samadi, akaishia kuwa mtu ambaye hata mwenye shamba alimwuliza kabla ya kununua mnyama. Msaidizi wake aliitwa Evarist, jirani yetu wa vihamba vitatu vya migomba kutoka kwetu, mtu mcheshi, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa akinipa vipande vya muwa nikienda kumpelekea Baba chakula. Asubuhi ile Jemadari alipokutwa amekufa na ndoo tupu bandani, Evarist alimwambia mwenye shamba kwamba alimwona Baba akiingia nayo. Alisema bila kutetemeka. Mwenye shamba hakutaka maneno mengi. Wiki hiyo hiyo Baba alirudishwa nyumbani, na Evarist akakabidhiwa funguo za mabanda. Kilichoniuma zaidi ni kicheko. Watu hawakusema Baba ni mwuaji, walisema amemlewesha farasi. Vilabuni walimwuliza kama Jemadari aliimba kabla ya kufa. Shuleni wenzangu walitembea wakiyumba nikipita, wakipiga mlio wa farasi mlevi. Baba akaacha kwenda kwenye vikao vya ukoo, akaacha kukaa mbele kanisani, akashinda kihambani akipalilia migomba isiyokuwa na magugu. Nilimchukia Evarist kwa moyo wote wa mtoto wa miaka kumi na miwili, na moyo huo una nafasi kubwa.

Kila siku ya pili ya Krismasi, wakati Wachagga wote wamerudi nyumbani na barabara zimejaa magari ya kutoka Dar, palifanyika mbio za farasi za kuruka viunzi. Mashamba matatu yalishindana: la kwetu, la juu karibu na msitu, na lingine la upande wa Masama. Farasi waliruka magogo, ua wa matete, na mwisho kabisa handaki la maji ambalo lilikuwa limeshavunja watu mbavu. Lakini raha yenyewe haikuwa siku ya mbio. Raha ilikuwa siku tatu kabla, siku ya kuwatazama, farasi walipotembezwa uwanjani polepole na wanaume wakasimama kwenye uzio kuchambua nani atashinda. Hapo ndipo watu walipowekeana kidari cha mbuzi na mitungi ya mbege, na ndipo mtu alipojipatia jina la kuwa na jicho.

Baba alinifundisha jicho hilo tangu nikiwa mdogo. Alisema farasi anasomwa kuanzia chini kwenda juu, kwato kwanza, kichwa mwisho, kwa sababu kichwa kizuri kimewadanganya wengi. Utazame anavyoweka mguu kwenye ardhi ngumu, si kwenye majani. Uupitishe mkono nyuma ya mguu wa mbele, kwenye ule mshipa mkubwa, ukisikiliza joto. Mpanda farasi usimtazame miguu, mtazame mikono. Mkono unaovuta lijamu bila sababu utamkatisha mnyama tamaa kabla ya kiunzi cha tatu. Na mwalimu wa farasi usimtazame yeye kabisa. Tazama masikio ya farasi wake anapomsogelea. Hayo ndiyo masomo yangu, na niliyashika kuliko hesabu za sehemu.

Mwaka ule Baba hakwenda kwenye kutazama. Alinituma mimi, akaniambia nikaangalie kwa niaba yake. Nikaenda na gauni langu la shule, nikapenya katikati ya wanaume. Farasi wa kijivu wa shamba la juu alikuwa na kwato safi na mgongo ulionyooka, na mpandaji wake alikuwa na mikono mitulivu. Wa Masama alikuwa mzuri wa kichwa tu. Wa kwetu aliitwa Kahawa, mdogo wake Jemadari, na uwanja mzima ulikuwa umempa ushindi. Mpandaji wake alikuwa Damiani, kijana mpole aliyenifahamu, akaniruhusu nimsalimie mnyama. Nilipoupitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto nilisikia joto, si kali, kama la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Nikageuka nikamwona Evarist ananitazama. Kahawa naye alimwona, akalaza masikio. Baada ya hapo nikagundua kwamba kila walipokaribia sehemu ya kokoto, Evarist alimwambia Damiani apitie kwenye majani.

Nilikimbia nyumbani. Baba alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, akaniuliza ni mguu upi na joto lilianzia wapi. Kisha akauliza kama nimemwambia mtu, nikasema hapana. Akasema basi tunyamaze. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kumwona akitabasamu, na nilitabasamu naye. Tulijua wote wawili maana yake. Mguu ule ungevumilia magogo na ua wa matete, lakini kwenye handaki la maji ungekatika, na Evarist angeaibika mbele ya kila mtu aliyewahi kutucheka. Kwenye misa ya Krismasi niliomba Kahawa aanguke. Nilijua Damiani atakuwa juu yake, na Damiani sikuwa na ugomvi naye, lakini sikumtoa kwenye sala yangu. Nilikomunika vizuri kabisa.

Asubuhi ya mbio, jua likiwa bado linahangaika na ukungu, Evarist alikuja kwetu. Hakupita njia kubwa. Alipita katikati ya migomba, nyuma ya zizi, na mkononi alishika jani la isale. Kwa asiye wa kwetu, isale ni ule mmea mrefu wa majani membamba tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi ya wazee. Mtu aliyekosa akikujia na jani lake, anakuomba msamaha kwa namna ambayo hakuna aliyefundishwa vizuri anayeweza kuikataa. Mama alipoliona aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. Evarist alimpa Baba jani kwa mikono miwili, akasema: "Ile ndoo ilikuwa yangu. Nilidhani nampa nguvu. Niliogopa, nikakutaja wewe."

Mimi nilisimama mlangoni nikiomba Baba alitupe lile jani chini. Akalipokea. Akamwambia Mama alete chai, na Evarist akaketi kwenye kigoda, akashika kikombe, na kabla hajanywa hata funda moja akauliza kilichomleta: "Mguu wa Kahawa, ungekuwa wewe, ungemkimbiza?" Hapo nikamwelewa. Alikuwa amebeba uongo wake miezi minane bila kuona uzito, sasa alikuwa anahitaji mkono wa Baba, na alijua kuna kitu kimoja tu kinachoweza kuufungua. Baba naye alielewa, si mtoto. Lakini alikuwa ameshalipokea jani. Akamwambia amwondoe farasi mashindanoni, amsimamishe kwenye maji ya mfereji asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, asimpandishe mtu. Evarist alishukuru akaondoka kwa njia ile ile ya nyuma. Baba aliliweka jani mezani chini ya picha ya Bikira Maria, akaingia kulala, mchana kweupe. Nikalichukua, nikalificha ndani ya gauni, nikaenda uwanjani.

Nilidhani labda Evarist atasema ukweli. Nilimpa nafasi hiyo, naomba ieleweke. Nilikaa kwenye uzio nikimsubiri afungue mdomo. Evarist alisimama mbele ya umati na mwenye shamba pembeni yake, akatangaza kwamba Kahawa hatakimbia kwa sababu yeye mwenyewe, kwa uzoefu wake, amegundua joto mguuni. Watu waliokuwa wamemwekea farasi huyo vidari vyao wakaguna, kisha wakaanza kumsifu. Mwenye shamba akampa mkono, akasema mwalimu ni jicho. Mzee mmoja wa kwenye uzio akapaza sauti kwamba angekuwa yule wa mbege, leo farasi angebebwa na machela. Uwanja ukacheka. Na Evarist, ambaye chai ya mama yangu ilikuwa bado tumboni mwake, akacheka nao.

Sikumbuki nilivyopita chini ya uzio. Nakumbuka nimesimama katikati ya uwanja, gauni limeshika tope, na jani nimelinyanyua juu. Kicheko kilikatika kuanzia kwa wazee, kikaendelea kukatika mpaka kwa vijana wa Dar ambao walikuwa wakiuliza kuna nini. Mzee yule yule aliyetania akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto, hilo isale umelitoa wapi?" Nikamjibu kwa sauti ya juu, kila mtu asikie: "Mzee Evarist ametuletea leo asubuhi. Ameomba msamaha kwa Baba. Ndoo ya machicha ilikuwa yake, na mguu wa Kahawa ameambiwa na Baba." Mzee akamgeukia Evarist akamwuliza kama ni kweli. Mtu anaweza kudanganya mbele ya mwenye shamba, hata mbele ya padri wapo wanaodanganya, lakini juu ya isale alilolishika mwenyewe Evarist hakuweza. Aliinamisha kichwa. Nilimtazama akiinama, na sitaficha, ilikuwa tamu. Wa kijivu alishinda, kama nilivyokuwa nimemsoma, na hakuna aliyemjali.

Wiki hiyo Baba aliitwa kazini. Vilabuni jina likahama. Evarist akaitwa Machicha, na anaitwa hivyo mpaka leo, na wajukuu wake ni wajukuu wa Machicha. Mimi nilitarajia kukumbatiwa. Baba alinisubiri mlangoni, akachukua jani mkononi mwangu, likiwa limekunjamana, akasema: "Hili nililipokea mimi. Nilipolipokea, ugomvi uliisha. Wewe umempiga mtu aliyekwisha kupiga magoti." Akaniagiza nikate isale lingine kwenye mpaka wetu nimpelekee Evarist. Nikasema nitapeleka.

Sasa ninaishi Moshi mjini, nina wanangu, na kila Desemba napanda nyumbani. Shamba la farasi limegeuzwa la parachichi. Farasi wachache waliobaki wanabeba watalii kwa mwendo wa kitanda cha mgonjwa, na handaki la maji limefukiwa. Wapwa zangu wanachambua timu za Ulaya kwenye simu, wanabishana juu ya magoti ya watu ambao hawajawahi kuwagusa. Nawacheka, nawaambia kwetu uliweka mkono kwanza ndipo ukafungua mdomo. Baba macho yamepungua sana, anaijua mifugo yake kwa vidole. Kwa miaka mingi aliniuliza kila nikifika kama nimeshapeleka, nami nikajibu bado. Siku hizi haulizi.

Desemba iliyopita nilikutana na Evarist sokoni Sanya Juu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akasimama pale akinitazama mikono. Nilikuwa nimeshika mfuko wa sukari na mishumaa. Wakati anaitazama mikono yangu mimi nilikuwa nikimsoma kuanzia chini: vifundo vya miguu vimevimba, wa kushoto anauburuta, pumzi haifiki, macho yameingia ndani. Hataiona Krismasi nyingine. Nililijua hilo kama nilivyoujua mguu wa Kahawa. Alisubiri kidogo zaidi, akasema haya, tuonane Mungu akipenda, akaenda zake taratibu.

Nilipofika nyumbani nilichukua panga nikashuka mpaka kwenye mpaka wa kihamba. Masale yetu yamekuwa marefu kunizidi. Baba alikuwa ameketi nje, akasikia panga likigonga, akainua kichwa. Nilipokuwa narudi aliniita, akauliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miaka mingi: "Mwanangu, umekata?"

"Nimekata ndizi, Baba," nikamwambia, nikiutua mkungu. "Za mtori."