Indiketa ya Mwenzako

Asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu nimeyasahau, na mengine najifanya nimeyasahau. Nilikuwa mchuuzi wa nyanya. Nilizinunua Ilula nikazipeleka sokoni Mbeya kwa Kanta, gari la mizigo la Mzee Luka, Mhehe mmoja mkimya aliyeendesha kana kwamba amebeba mayai hata akiwa amebeba saruji.

Mafinga tulisimama kunywa chai. Hapo tukakutana na Meshaki, kijana aliyesambaza vipuri kwa pikapu ya tajiri wake wa Mbeya. Mcheshi sana yule. Alimtania Mzee Luka kwamba nyanya zetu zitafika sokoni zimeshakuwa sosi. Nilicheka, lakini ndilo hasa lililoniuma: zilikuwa zimeiva kupita kiasi, na soko halimngoji mtu.

Tulipotoka Mafinga ukungu ukashuka. Tukalikuta lori la mbao linapanda kilima kwa kujivuta, sisi nyuma yake, Meshaki nyuma yetu. Unaijua desturi ya barabara yetu: mwenye lori akiona mbele ni kweupe huwasha indiketa ya kushoto, kumwambia wa nyuma apite, akiwasha ya kulia, ngoja. Ni wema, sikatai. Lori likawasha ya kushoto. Mzee Luka akabaki palepale.

"Baba, si tumepewa njia?" nikamwambia. "Nyanya zangu zinaharibika."

"Aliyeona ni yeye, binti. Mimi bado sijaona kitu."

Nikasonya, tena kwa sauti. Meshaki hakuhitaji kubembelezwa. Alipiga honi, akatupungia mkono akitupita, akaanza kulipita na lori. Mwenye lori hakuwa mwongo, mwanangu. Alipowasha ile indiketa barabara ilikuwa tupu kweli. Lakini ruhusa ile ilikuwa ya gari lililomfuata yeye, na ilikuwa ya wakati ule. Meshaki alipoitumia ilikuwa imeshachacha, na basi likatokea ukunguni.

Kishindo chake sitakusimulia. Meshaki alifia palepale. Yule mwenye lori, mtu mzima mwenye mvi, alikaa chini kwenye majani yenye umande akirudia, "Nilitoa njia mwenyewe, jamani. Mimi mwenyewe." Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyeweza kumfariji. Mimi niliuonea haya msonyo wangu, na nikaogopa, maana usukani ungekuwa mkononi mwangu ningepita kabla ya Meshaki.

Mzee Luka hakunisuta pale. Alingoja mpaka tulipokaribia Uyole, akasema bila kunitazama: "Binti, tajiri hunihimiza, mwenye mzigo hunihimiza, wa nyuma hunipigia honi. Siku ya msiba wote hao huleta rambirambi." Tukafika sokoni. Nyanya nusu nilizitupa.

Sasa wewe umepata leseni juzi, na tayari umepewa kazi ya kupeleka vifurushi vya watu, huku Iringa, huku Mbeya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Macho ya kuazima ndiyo mabaya zaidi. Mwenzako akikupa njia, mshukuru, kisha angalia mwenyewe. Usipoona, baki nyuma. Ukungu ukishuka washa taa, punguza mwendo, acha nafasi ya kutosha mbele yako. Mteja akipiga simu, egesha kwanza ndipo upokee. Mzigo wake hautaota miguu ukimbie. Macho yakiwa mazito, lala. Na usije kuniambia kwamba ajali haina kinga. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na wengi wao hata mkanda hawakuwa wamefunga.

Watakuita mwoga. Hata mimi nilimwona Mzee Luka mwoga. Huyo mwoga alizeeka na miguu yake yote miwili, akafa kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka, wengine wakigombania fimbo yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na haraka za watu, na anijalie mimi mama yako nikupashie kiporo kila jioni huku nikikugombeza kwa kuchelewa.