Karatasi za Kaki Mlangoni kwa Wifi

Wifi yangu hajui kusema "si mbaya". Ukimwonyesha gauni atakuambia limekaa au halijakaa, na ukimwonyesha mchumba ni hivyo hivyo. Alipoolewa na kaka yangu alinikuta nina mchumba wangu wa kwanza. Akamtazama mara moja, akasema huyu bado kidogo ataondoka, na kweli haikutimia miezi mitatu. Nilimnunia wifi badala ya kumnunia yule mwanamume. Leo ni mwaka wa kumi na mbili tunafanya kazi chumba kimoja. Yeye anakata na kushona, mimi napiga pasi, natia vifungo na kugombana na wateja.

Chumba chenyewe kiko ubavuni mwa ukumbi wa picha za sinema, na kila anayekwenda kukata tiketi lazima apite mlangoni petu. Jumamosi mchana huonyeshwa picha za zamani, Jumapili mchana picha mpya, na kila picha hurudiwa wiki ya pili. Wifi hakosi. Anakaa safu ya tatu, mkoba mapajani, hali kitu na hasemi na mtu. Ukimnong'oneza jambo anakukanyaga mguu, na ana miguu mizito.

Kuandika alianzia kwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mtu mwema lakini mwenye maneno. Kila Jumapili na Jumatatu alikuja kuuliza picha ya jana ilikuwaje, na kila alipouliza, wifi alikuwa na pini mdomoni. Siku moja wifi alichoka kutikisa kichwa. Akachana kipande cha karatasi ya kaki, ile tunayochorea vipimo, akaandika mistari miwili kwa penseli na kuibandika mlangoni kwa pini. Mwalimu akasoma, akaondoka kimya. Wifi akaona raha ya ajabu, na tangu hapo hakuacha.

Karatasi zake zote ninazo, nimezifunga kwa utepe kwenye droo ya uzi. Hii ni moja: "Ya zamani, ya karani wa posta anayefungua barua za watu. Nzuri. Analia mara moja tu, tena ametupa mgongo. Nendeni." Nyingine: "Mpya, ya mapenzi hospitalini. Daktari ana sura nzuri. Basi." Na hii ninayoipenda: "Ya zamani, ya mama na binti yake jikoni. Hakuna kinachotokea na nililia. Mama anainua mkono kuchukua sufuria rafu ya juu, gauni halisogei hata kidogo. Fundi uliyelikata, popote ulipo, nakupa heko."

Watu walizizoea. Walisimama mlangoni petu kwanza, wakasoma, halafu ndipo wakaamua waende dirishani kwa tiketi au warudi nyumbani. Mwenye ukumbi, ambaye chumba chetu pia ni chake, mwanzoni alicheka. Ni mtu wa mwili na sauti. Akikusalimia, wa ng'ambo ya barabara wanaitikia. Kicheko kilimkauka siku wifi alipoandika: "Mpya, ya majambazi mapacha. Wanakimbia saa nzima. Sikujua wanakimbilia wapi, na wao hawakujua." Jumapili iliyofuata picha ile ilirudiwa, na viti vilikuwa vitupu mpaka mlangoni. Kuanzia hapo alitusalimia kwa pua.

Halafu mpwa wake akatengeneza picha yake mwenyewe, hapa hapa mtaani. Hadithi ya mwanamke anayemkimbia mumewe na sanduku moja. Mume akaigiza nani? Mwenye ukumbi mwenyewe. Na gauni la kijani analovaa yule mwanamke mwanzo hadi mwisho, wakaja kulishonesha kwa wifi.

Hapo mwenye ukumbi akajua amemweka wifi mfukoni. Ijumaa alisimama mlangoni petu wateja wakiwepo, akasema Jumatatu asubuhi anataka kuona karatasi ya kusifu. Isipokuwepo, anakuja na kufuli, na wifi atafute pengine pa kuandikia. Akaondoka anatabasamu. Alijua kabisa hakuna fundi wa kuiponda picha ambayo ndani yake kuna kazi ya mkono wake.

Wifi aliendelea kukanyaga cherehani. Mimi nilishindwa hata kutunga uzi. Chumba kile kina dirisha la mashariki ambalo mwanga wake haupatikani mtaa mzima, na meza ya kukatia alijengewa mle mle na kaka yangu. Ni kubwa kuliko mlango. Ukitoka, meza inabaki.

Jumapili, siku ya picha ya yule mpwa, ukumbi ulijaa. Mwanzo wa picha ulinichosha, nakiri. Mwenye ukumbi alipotokea watu walipiga makofi, naye humo ndani alikuwa kama alivyo, anaomba chumvi kwa sauti ya kuita zimamoto. Lakini mwishoni kulikuwa na yule mwanamke peke yake kituo cha basi, haongei, anaangalia barabara tu, na ukumbi mzima ulinyamaza. Gauni la kijani lilimkaa vizuri sana. Nilianza kujisifu moyoni, maana vifungo ni vyangu.

Basi likaja. Akainua mkono kulisimamisha, na gauni zima likapanda na ule mkono. Pindo likaruka juu ya goti upande mmoja, kiuno kikajikunja. Muda wa chafya moja, likashuka. Hakuna aliyeona. Wifi alinikamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka taa zikawashwa.

Siku ya kulijaribu gauni, yule binti mwigizaji alikuwa na haraka, na niliyezidi kuwaharakisha ni mimi, kwa sababu pasi ilikuwa ya moto. Alisimama mikono chini, wifi akatazama, likakaa, tukafunga kazi. Hatukumwambia ainue mkono. Kila mtu tunamwambia ainue mkono, hata mtoto wa shule. Yeye hatukumwambia.

Tulipotoka nje watu walimpongeza wifi kwa gauni, mmoja akamkumbatia. Tulipoingia chumbani akavuta karatasi ya kaki. Nilimwona anavyoishika penseli nikajua.

"Wifi," nikamwambia, "andika nzuri. Neno moja tu, tubaki na chumba chetu."

"Nikiandika nzuri kwa kuogopa kufuli," akasema, "zile zote za nyuma zitakuwa za uongo."

"Basi andika hayo mengine, la gauni liache. Hakuna aliyeliona."

"Mimi nimeliona."

Nilikasirika. Nilimwambia ana kiburi, ana roho ngumu, na kaka yangu alivumilia mengi. Alimaliza kuandika, akafungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye shuka. Nilisimama pale nikiwa nimefura, halafu nikaanza kukusanya mikasi.

Asubuhi karatasi ilikuwa mlangoni na sisi tulikuwa barazani kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara, na vitu vyetu vyote isipokuwa meza. Mwalimu mstaafu alifika wa kwanza. Watu walikuwa wengi, akawasomea kwa sauti, kama zamani darasani:

"Mpya, ya hapa kwetu. Mwanzo ni mrefu. Mume anapiga kelele hata pale ambapo kunyamaza kungetisha zaidi. Mwanamke kituoni ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu, nendeni kwa ajili yake. Gauni la kijani ni baya. Kwapa limekatwa chini mno, akiinua mkono linapanda lote. Nililishona mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwenye ukumbi alikuwa ameshafika na kufuli mkononi, kubwa, jipya. Alisoma mwenyewe, akarudi juu akasoma tena. Akavuka barabara mpaka kwetu.

"Umejiponda mwenyewe," akasema.

"Nimeandika nilichoona."

"Neno la gauni nalitoa mimi mwenyewe. Gauni ni zuri. Na wewe utoe la kelele, tumalizane."

"La gauni halitoki, mzee. Na la kelele halitoki."

"Mimi sipigi kelele!" akasema, na vioo vya dirisha la fundi viatu vikatikisika.

Hapo ndipo watu walipocheka, mwalimu mpaka akashika ukuta. Mwenye ukumbi akarudi ng'ambo, akavuta mlango wetu, akatia kufuli, akageuza ufunguo mara mbili. Akainua mkono kwenye karatasi. Tulimwona. Akabaki ameushikilia hewani, macho yote yakiwa mgongoni mwake, akijua kwamba akiichana itasemwa imechanwa na mume wa kwenye picha. Akaushusha, akaingia ukumbini kwake. Kwa hiyo mlango ukabaki na vyote viwili, kufuli chini na karatasi juu.

Mimi machozi yalinitoka kwa ajili ya ile meza. Wifi hakulia. Alipachika kichwa cha cherehani kwenye meza ya kuazima, akalalamika kwamba mwanga wa baraza ni wa upande mbaya, akaniuliza kama nimesahau pini. Sikuwa nimesahau.

Kabla ya saa sita alikuja yule mwigizaji. Alikuwa amepita mlangoni, amesoma. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi ni idara yangu. Yeye akafungua mfuko, akatoa gauni la kijani.

"Mama," akamwambia wifi, "siku ile ya kuigiza kituoni nilisikia linanivuta. Nikadhani ni mwili wangu."

Wifi aliweka pini mdomoni, tatu, nne. Akamvalisha gauni juu ya nguo zake, pale pale barazani, akapiga goti na chaki mkononi. Halafu akazitoa pini zote tena, apate kusema.

"Inua mkono, mwanangu," akasema. "Juu zaidi. Nataka kuona kosa langu lote."